Fisi Walipokwisha Kabuchai

Mukhisa na mkewe Sellah walikaa Kabuchai, karibu na mto Kuywa. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Walilima mahindi na wimbi, na walikuwa na ng'ombe wachache. Kila asubuhi Sellah alikamua maziwa. Mukhisa alifunga maksai kwenye plau akaenda kulima. Binti yao, Nakhungu, alibeba kibao chake cha kuandikia akaenda shule.

Upande wa pili wa ua alikaa Wanjala, mdogo wake Mukhisa. Wanjala alikuwa na mke, Nasimiyu, na mtoto mchanga wa kiume. Ndugu hawa wawili walipendana. Walilima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wanjala alipenda mzaha, na Nakhungu alipotoka shuleni alipita kwake kwanza, ndipo aende kwao.

Shida yao ilikuwa fisi. Fisi walikaa vichakani kando ya mto. Giza likiingia, walipanda mpaka bomani. Msimu ule wa mvua walikula ndama wa Mukhisa, na baadaye wakamla mwingine. Asubuhi Sellah alikuta kamba tu na kichwa. Nasimiyu naye alipoteza mbuzi wake mwenye mimba.

Wanjala alitaka wajenge zizi la ndama. Alisema wakate miti minene, waipange karibu karibu, waweke miiba juu na mlango mzito. Mukhisa alisema miti iko mbali, na wakati wa kupanda umefika. Tena yeye alijua njia fupi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika shamba la mzungu karibu na Kitale. Huko waliweka sumu ndani ya nyama, na chui na fisi wakaisha kabisa. Alipoacha kazi alirudi nyumbani na kopo la sumu ile.

Wanjala hakufurahi. Alimwomba kaka yake angoje mpaka wamalize kupanda, halafu wajenge zizi. Wakabishana pale shambani, maksai wamesimama.

"Fisi ana faida gani?" Mukhisa aliuliza. "Niambie hata moja. Leo fisi wote wakiisha, nani atawalilia?"

Wanjala alifikiri. 

"Sijui," alisema. "Lakini mimi kutojua faida yake si kusema hana faida."

"Unasema hivyo kwa sababu ndama si wako."

Wanjala aliwageuza maksai. Alishika plau, wakaendelea kulima.

Wiki ile maksai mmoja mzee wa jirani alikufa. Mukhisa aliomba mguu mmoja. Aliukata vipande, akatia sumu, akaviacha karibu na mto jua likizama. Kulipokucha, watu walikuta fisi wamelala huku na huku, miguu imekakamaa. Wanawake walipiga vigelegele. Nasimiyu alimpelekea Mukhisa kuku kwa kumshukuru.

Lakini hawakufa fisi peke yao. Mchana ule tumbusi walishuka, wale ndege wakubwa wa kula mizoga. Walikula mabaki ya nyama yenye sumu, na walikula fisi waliokufa. Walianguka mmoja mmoja. Wengine walikufa juu ya miti, mabawa yakining'inia. Wanjala alitembea katikati yao na jembe begani. Aliwazika wale aliowaweza.

"Hawa walikukosea nini?" alimwuliza kaka yake.

Mukhisa alisema ni bahati mbaya tu. Alisema ndege ni wengi, watakuja wengine.

Habari zilienda haraka. Jairus, liguru wa kijiji, yaani mkuu wao, alikuja mwenyewe kuomba sumu. Yeye pia alikuwa amepoteza ndama. Mukhisa alimpa. Watu wa ng'ambo ya mto wakaja, naye akawapa. Kabla mahindi hayajakauka, fisi walikuwa wamekwisha, na juu mbinguni hapakuonekana tumbusi hata mmoja.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Ni lazima tuseme hivyo. Ndama walikua. Watu walilala bila wasiwasi. Kanisani Jairus alitoa shukrani, na watu waligeuka kumtazama Mukhisa. Mukhisa aliinamisha kichwa, lakini moyoni alifurahi. Hakuna aliyezungumza tena juu ya kujenga zizi.

Kando ya mto, chini ya soko, kulikuwa na kichinjio. Kila siku ya soko wachinjaji walichinja ng'ombe pale. Walitupa matumbo, kwato na mifupa majanini. Ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa pia aliburutwa pale akaachwa. Watu walifanya hivyo tangu zamani. Zamani tumbusi walikula mchana, fisi wakamaliza usiku, na asubuhi palikuwa safi. Hakuna mtu aliyejiuliza uchafu ule ulienda wapi.

Sasa uchafu haukuenda popote. Ulioza pale pale. Nzi waliongezeka. Sellah aliacha kuchota maji mahali pale, akaanza kwenda juu zaidi ya mto. Kisha mbwa walikuja. Kwanza walikuwa mbwa wa watu wa karibu. Baadaye wakaja mbwa wasio na mwenyewe, wakakaa huko huko. Nyama ilikuwa tele, wakazaa vichakani. Walipigana juu ya mifupa mchana kutwa. Watoto waliokwenda shule walianza kuzunguka njia ya mbali.

Mwaka wa pili, mahindi yalipokuwa yanafika magotini, mbwa mmoja aliingia bomani kwa Wanjala. Aliyumba kama amelewa. Hakubweka vizuri; sauti yake ilikuwa imekwama kooni. Alimrukia ndama. Wanjala alimshika shingoni akamvuta, na mbwa akamuuma mkononi, karibu na kidole gumba. Kisha akakimbia.

Kidonda kilikuwa kidogo sana. Nasimiyu alitaka kukifunga, Wanjala akacheka. Alisema miiba ya mahindini inauma kuliko hicho. Alipaka tumbaku iliyotafunwa, kama wazee walivyofanya, akarudi kazini. Baada ya siku chache kilipona. Wote wakasahau.

Mahindi yalipotoa maua, Wanjala alianza kuumwa kichwa. Mahali alipoumwa na mbwa paliwasha ndani ya nyama, ingawa hapakuwa na kidonda tena. Alisikia homa. Nasimiyu alimpa uji, akashindwa kuumeza. Akampa maji. Alipoona kikombe tu, koo lake lilikaza na mwili wote ukatetemeka. Upepo ukiingia mlangoni ulimuumiza.

Mukhisa alikaa naye. Wengine walisema amerogwa, wakataka aitwe mganga. Mukhisa alitafuta mkokoteni wa kumpeleka hospitali ya Bungoma. Wanjala mwenyewe alikuwa na akili timamu kwa muda, kisha anapotea, kisha anarudi. Alipokuwa na akili alimwita Sellah. Alimwambia amwondoe Nakhungu mlangoni, kwa sababu hakutaka mtoto amwone hivyo. Sellah alimchukua Nakhungu. Mtoto alienda akilia, akiangalia nyuma.

Hospitalini daktari alisikiliza habari ya mbwa, akatikisa kichwa. Alisema ni kichaa cha mbwa. Alisema ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, hauna dawa. Wangekuja siku ile ya kuumwa, angeweza kusaidiwa.

Wanjala alikufa siku ya pili yake. Walimrudisha Kabuchai wakamzika nyuma ya nyumba yake. Mukhisa alitupa udongo wa kwanza, halafu hakuweza kuendelea, na Jairus alimpokea jembe.

Baada ya mazishi hospitali ilipeleka habari kwenye ofisi ya mifugo ya Bungoma. Ofisi ikamtuma Kiplangat. Yeye alikuwa amezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kazi yake ilikuwa kutunza mifugo. Watu walimwita daktari wa ng'ombe, ingawa yeye alisema ni msaidizi tu. Alifika kwa baiskeli. Kwanza alikaa na wafiwa akawapa pole. Kisha akaomba aonyeshwe mbwa wanakotoka.

Mukhisa, Sellah na Jairus walimpeleka kichinjioni. Kiplangat alisimama akitazama mizoga, na mbwa wakinguruma majanini. Alitazama juu mbinguni kwa muda mrefu.

"Tumbusi wenu wako wapi?" aliuliza.

 Jairus alitazama chini. Mwishowe Mukhisa alimweleza kila kitu: ndama, kopo la sumu, fisi, ndege. Hakuficha neno.

Kiplangat hakumkemea. Alisema amesikia habari kama hiyo sehemu nyingi, hata kwenye mashamba makubwa ya Kitale. Huko chui waliuawa, na sasa nyani na nguruwe wa mwitu wanamaliza mahindi, kwa sababu chui ndiye aliyekuwa akiwapunguza.

"Kila mnyama ana kazi yake, hata kama haikupendezi," alisema. "Fisi na tumbusi walikuwa wanafagia hapa. Tumbusi anakula nyama iliyooza, na tumbo lake linaua magonjwa mengi. Mbwa hana tumbo kama hilo. Mmewaondoa wafagiaji, chakula kikabaki, mbwa wakaja. Wakawa wengi, wakaumana. Mmoja akiwa na kichaa, anawapa wenzake. Halafu wanakuja kwenu."

Jairus aliuliza kama fisi hapati kichaa.

"Anaweza kupata," Kiplangat alijibu. "Sisemi fisi ni mtakatifu. Alikula ndama wenu, na nyinyi mlikuwa na haki ya kuwalinda. Lakini kujikinga na mnyama ni jambo moja. Kummaliza kabisa ni jambo lingine."

 Sellah aliuliza kama kweli hakuna mnyama ambaye anaweza kuondolewa bila hasara. Alitaja kupe. Alisema hajaona wema wa kupe hata kidogo.

Kiplangat alimgeukia.

"Kupe tunamkinga kwa kuogesha ng'ombe dawa. Hiyo ni sawa, fanyeni hivyo. Lakini hata kupe kuna ndege wanaomtegemea. Mama, mimi sijui wanyama wote. Labda yuko mmoja ambaye akiondoka hakuna kitu kitaharibika. Mimi bado sijamwona. Na ukikosea, hakuna duka la kununua mwingine."

Kisha aliwafundisha mambo ya kufanya. Mtu akiumwa na mbwa, hata kidonda kikiwa kidogo kama mchubuko, kioshwe palepale kwa sabuni na maji mengi. Aoshe kwa muda mrefu, kama muda wa kusonga ugali mpaka uive. Asipake tumbaku wala majani. Halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama atapona. Matumbo na mizoga vizikwe kwenye shimo refu. Mbwa wa nyumbani wachanjwe na wafungwe. Aliahidi kurudi na wenzake kuchanja.

Jioni ile Mukhisa alienda kwa Nasimiyu. Alimkuta akipeta wimbi, mtoto mgongoni. Alimwambia mambo yote aliyosema Kiplangat. Alimwambia kwamba Wanjala alimwonya, naye hakumsikia. Alingoja amfukuze.

Nasimiyu aliendelea kupeta.

"Kuku niliyekuletea ulimla?" aliuliza.

"Tulimla."

"Basi mimi pia niko ndani. Nilipiga vigelegele pamoja na wengine." Aliweka ungo chini. "Lakini usiniambie ati ni kazi ya Mungu. Mchungaji ameniambia hivyo. Wewe usiniambie."

Mukhisa alisema hatamwambia hivyo. Alikaa kidogo, kisha akaenda kumfungia ng'ombe wake.

Kiplangat alikuwa hajarudi bado wakati mbwa alipomuuma Nakhungu. Mtoto alikuwa anatoka shule. Mbwa alitoka majanini bila sauti, akamuuma mguu. Jairus alikuwa karibu, akampiga mbwa kwa rungu akamuua. Alimbeba Nakhungu mpaka nyumbani.

Mukhisa aliona damu kwenye mguu wa binti yake. Akakaa chini. Ni Sellah aliyefanya kazi. Alichukua sabuni na mtungi wa maji. Alimimina na kuosha, akamimina tena. Nakhungu alilia kwamba inauma. Sellah hakuacha. Jirani mmoja alileta majani ya kupaka, Sellah akamshukuru akayaweka kando. Maji yalipokwisha alimtuma Mukhisa mtoni, na Mukhisa akainuka akakimbia.

Siku ile ile waliondoka. Bungoma waliambiwa dawa iko hospitali kubwa ya Kitale, huletwa kwa garimoshi. Walipanda basi. Kitale, Nakhungu alidungwa sindano tumboni, na akaambiwa aje tena kesho, na kesho kutwa, siku nyingi mfululizo. Sellah alibaki naye. Walikaa upande wa Matisi, kwa Chepkorir, mwanamke ambaye mume wake alifanya kazi na Mukhisa zamani katika shamba lile la mzungu. Chepkorir aliwapa kitanda chake, yeye akalala chini. Kila asubuhi walienda hospitali kwa miguu. Nakhungu alishika mkono wa mama yake. Njiani aliuliza kama na yeye ataogopa maji. Sellah alimwambia hapana, na akanunua chai dukani ili mtoto anywe na yeye aone akimeza.

Mukhisa alirudi Kabuchai. Ilimbidi arudi, kwa sababu sasa alikuwa na mashamba mawili ya kupalilia. Kila alipomaliza kazi alichimba shimo pale kichinjioni, peke yake. Siku moja Jairus alikuja na jembe. Baadaye wachinjaji nao wakaja, kwa aibu zaidi kuliko kwa kupenda.

Sellah na Nakhungu walirudi. Lakini hofu haikwisha. Mahindi yalivunwa, na Mukhisa aliendelea kumtazama binti yake kila alipokunywa maji. Mvua nyingine ilinyesha, mahindi mapya yakatoa maua. Nakhungu alikuwa mzima, anakimbia, anagombana na wenzake. Jumapili moja Mukhisa aliomba kanisani, kwa sauti ya chini, bila kuinuka kitini.

Mwaka ule ule alioumwa Nakhungu, watu wa mifugo walikuwa wamefika na gari wakachanja mbwa. Mbwa wasio na mwenyewe waliondolewa. Liguru alitoa amri kwamba hakuna kutupa nyama wala mzoga ovyo, na hakuna kutega sumu tena Kabuchai. Mukhisa alimkabidhi Kiplangat kopo lake, likaenda naye Bungoma kuharibiwa. Kisha Mukhisa alienda mbali kukata miti, akajenga zizi la ndama, moja kwake na moja kwa Nasimiyu. Miti ilikuwa minene, miiba juu, mlango mzito. Kazi ile ambayo aliiona kubwa ilichukua siku chache tu. Alipogonga msumari wa mwisho alikaa kwenye nyasi, uso mikononi.

Tangu hapo hakuna mtu wa Kabuchai aliyekufa kwa kichaa cha mbwa. Nzi walipungua, na Sellah akarudi kuchota maji mahali pa zamani. Watu wa vijiji vingine walikuja kuona mashimo na mazizi, wakajenga kama hayo.

Asubuhi moja zilionekana nyayo za fisi matopeni, kando ya mto. Zilikuwa za fisi mmoja. Watu waliitana kuja kutazama. Kijana mmoja alitaja sumu, Jairus akamwambia anyamaze. Walienda kukagua milango ya mazizi, basi. Mukhisa alingoja kuona kama nyayo zitarudi. Kila asubuhi alishuka mtoni kuangalia. Fisi yule alikuwa anapita tu, labda akienda mlimani. Hakuonekana tena. Tumbusi nao hawakurudi wakati wa maisha ya Mukhisa.

Kwa hiyo kila siku ya soko watu walichimba. Kiangazi ardhi ilikuwa ngumu kama tofali, na mikono ilitoka malengelenge. Nakhungu, sasa msichana mkubwa, aliwaletea maji ya kunywa. Mtoto wa Wanjala alimfuata nyuma. Alikuwa amefika umri wa kuuliza maswali.

"Baba mkubwa," mtoto alisema, "kabla nizaliwe, nani alikuwa anachimba hapa?"

Mukhisa aliegemea jembe lake. Alitazama sura ya mtoto, iliyofanana sana na ya baba yake.

"Hakuna," alisema. "Wakati huo hatukuwa tunachimba."

Aliinua jembe tena, kwa sababu shimo lilikuwa halijafika kina kinachotosha.